Kompyuta mpya nyumbani: ni yako au ni ya fundi?



 

Ndugu msomaji, Ijumaa iliyopita baada ya swala, mama mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri kwenye baraza ya msikiti, boksi likiwa chini ya kanga yake. Ndani ya boksi mlikuwa na kompyuta mpakato, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptop. Alimnunulia binti yake anayeingia chuo kikuu mwaka huu. Fedha zake amezikusanya kwa kuuza vitumbua asubuhi na kwa zamu yake ya upatu, na nadhani hakuna aliyepita hapo barazani siku hiyo akiwa amebeba kitu cha thamani zaidi.

“Ustadhi,” akaniambia, “kijana wa dukani alitaka nimwachie hadi kesho aniwekee kila kitu, nije niichukue ikiwa tayari. Moyo ukasita. Nikaona nikuulize kwanza.”

“Umefanya jambo la maana, mama,” nikamjibu. “Usimwachie.”

Akanitazama kama anayesubiri maelezo, na hapo hapo barazani nikamsimulia yaliyonifika mimi. Nayasimulia tena hapa, ingawa si habari ya kujivunia, kwa sababu naona familia nyingi msimu huu zinawanunulia vijana wao vifaa hivi, na karibu zote zinaanza pale pale nilipoanza mimi.

Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu ilinunua kompyuta ya ofisi kwa michango ya waumini, na mimi, kwa kuwa ni katibu, ndiye niliyetumwa dukani. Nilikuwa na haraka. Kijana wa dukani aliposema, “Niachie, nitakumalizia kila kitu,” nilimshukuru na kumwombea dua. Kesho yake nilikuta kompyuta inawaka, ina programu za kuandikia, na akanipa namba nne za kuifungulia. Nikaondoka nikidhani nimeitekeleza amana ya watu. Sikujua kwamba kompyuta ile ilikuwa imesajiliwa kwa akaunti aliyoifungua yeye, kwa baruapepe aliyoibuni yeye papo hapo, na kwa nywila aliyoijua yeye peke yake. Zile namba nne zilikuwa za kufungulia mlango wa chumba kimoja tu. Hati ya nyumba ilikuwa kwa mwingine.

Kwa miezi minane niliitumia nikiwa na furaha kubwa. Humo niliweka orodha ya mayatima tunaowasomesha pamoja na vipimo vya sare zao, majina ya waliotoa zakatul-fitri, na, lililo zito kuliko yote, hesabu za mfuko wetu wa qardh hasan, yaani ule mkopo mwema usio na riba ambao waumini hukopeshana. Daftari la karatasi niliacha kulijaza mwezi wa pili. Niliona ni kazi ya kurudia.

Kisha siku moja kompyuta ikagoma kupokea chaji. Fundi mwingine, mtu mwaminifu, akabadilisha ubao mkuu wa ndani na kunirudishia. Nilipoiwasha, badala ya picha niliyoizoea, kikatokea kioo cha buluu kikidai ufunguo wa tarakimu 48. Zile namba zangu nne hazikusaidia kitu.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwani ndipo penye elimu yenyewe. Kompyuta nyingi za sasa zenye Windows 11, mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, huigeuza hifadhi yote ya ndani kuwa fumbo. Kazi hiyo hufanyika kimya kimya, bila kelele wala taarifa kubwa. Kila barua, kila picha, kila hesabu huandikwa kwa namna ambayo bila ufunguo wake haisomeki. Kompyuta inapokuwa salama hulifumbua fumbo hilo yenyewe, nawe hujui kama lipo. Lakini ikihisi kwamba imebadilishwa ndani, kwa mfano ubao mkuu ukiwa mpya, husimama na kudai ufunguo wa akiba. Ufunguo huo ni zile tarakimu 48, na umehifadhiwa katika akaunti iliyotumika kuisajili kompyuta siku ya kwanza.

Jambo hili si baya. Mwizi akiiba kompyuta yako na kuichomoa hifadhi ya ndani, hatapata humo hata jina lako. Kwa hiyo simshauri mtu yeyote auzime ulinzi huo. Lililo baya ni ufunguo kuwa kwa mtu usiyemjua. Mimi nilimtafuta yule kijana. Alikuwa amekwishahama duka, na nilipompata baada ya kuulizia kwa wiki nzima, alinieleza kwa unyonge kwamba kila mteja humfungulia akaunti mpya ili aondoke haraka, na hakuna hata moja aliyoiandika. Sikuona sababu ya kumgombeza. Alifanya nilichomruhusu kufanya.

Wiki mbili baada ya hapo, mzee mmoja aliyekuwa amekopa katika mfuko wetu alifariki dunia, Allah amrehemu. Mnaijua desturi yetu: kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu awaone warithi. Mwanawe mkubwa alitangaza, kisha akanifuata kando.

“Katibu,” akasema kwa sauti ya chini, “baba alikuwa akituambia ana deni la msikiti. Limebaki kiasi gani?”

Nilisimama mbele ya kijana yule aliyefiwa na baba yake nikiwa sina jibu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni, na mimi nimeisomesha aya hiyo madrasani mara nyingi, nikiwaeleza watoto hekima ya mwandishi na mashahidi. Deni nililiandika, ni kweli. Nililiandika mahali ambapo sikuweza kulisoma.

Kamati ilikaa. Wapo waliopendekeza deni lisamehewe, lakini fedha za mfuko hazikuwa zetu sisi za kusamehe. Mwishowe warithi wenyewe wakakata shauri. Walilipa kiwango cha juu kabisa ambacho mfuko hukopesha, wakasema ni bora wazidishe kuliko baba yao alale na deni. Hadi leo sijui kama walilipa kilichobaki au walilipa mara mbili. Wakopaji wengine niliwafuata nyumba kwa nyumba, na aliyesema amekwishamaliza tulimsadiki. Vipimo vya sare za mayatima vikachukuliwa upya, shule zikafunguliwa na watoto wakaenda na sare za mwaka uliopita, mikono ikiwa mifupi.

Yule mama aliponisikiliza hadi hapo alilikumbatia boksi lake vizuri zaidi. Tukakubaliana kwamba Jumamosi baada ya Alasiri nitakwenda kwao pamoja na mke wangu, na binti mwenyewe ndiye atakayeshika kila kitu kwa mkono wake. Mimi nitakaa pembeni na kueleza tu. Hili nalisisitiza kwa wazazi: mwenye kompyuta ndiye abonyeze. Anayebonyezewa hajifunzi, na akijifunza hajiamini.

Kabla ya kuiwasha tulilitazama boksi. Binti akaandika katika daftari namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta, akailinganisha na iliyo kwenye boksi, na mama akatoa risiti ya EFD pamoja na karatasi ya dhamana. Tukavipiga picha vyote kwa simu, kwani wino wa risiti zile hufifia upesi, na baada ya mwaka mtu hubaki na karatasi nyeupe. Mama akauliza kama ni lazima iwekwe kwenye chaji kwa saa nane kabla ya kutumika, kama alivyoambiwa dukani. Si lazima. Hiyo ilikuwa desturi ya betri za zamani. Betri za sasa huweza kutumika tangu dakika ya kwanza, na tuliiacha kwenye umeme kwa sababu moja tu, isizimike katikati ya kazi.

Kabla hata ya kugusa kitufe cha kuwashia, nilimwuliza binti kama ana baruapepe yake mwenyewe. Alikuwa nayo, ila aliifungua akiwa kidato cha tatu kwa jina la utani ambalo mama yake alilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tukacheka, kisha tukafungua nyingine yenye jina lake kamili, kwani ndiyo itakayokwenda kwa wahadhiri na kwa waajiri. Tuliweka namba ya simu ya kurejeshea akaunti, na hapo pana tahadhari: iwe laini ambayo mtu anaitumia kila siku na imesajiliwa kwa jina lake. Laini isiyotumika hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, na pamoja nayo huenda ujumbe wa kukufungulia akaunti yako. Kama njia ya pili tuliweka baruapepe ya kaka yake.

Kisha akaiwasha. Kompyuta huuliza maswali yenyewe: nchi, lugha, aina ya kibodi, mtandao wa kuunganishia. Hayo hayana uzito mkubwa na yote hubadilishika baadaye. Swali la akaunti ndilo lenye uzito, na hapo binti akaandika baruapepe yake mpya na nywila aliyoichagua mwenyewe. Nilimshauri nywila iwe maneno manne yasiyohusiana, anayoweza kuyakumbuka bila kuyasoma, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa au jina la mdogo wake. Mwishoni kompyuta ikamwomba achague PIN. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, kama nilivyochanganya mimi. PIN ni ya kufungulia kompyuta hiyo moja tu. Nywila ni ya akaunti, na akaunti ndiyo mmiliki. Ukiwa na PIN bila nywila, wewe ni mpangaji.

Ilipokwisha kutulia, jambo la kwanza tulilolifanya, kabla ya rangi za kioo na picha za maua, ni kuutafuta ule ufunguo. Binti aliingia katika anwani ya aka.ms/myrecoverykey, akajitambulisha kwa akaunti yake, na tarakimu 48 zikatokea mbele yake. Alizinakili kwa kalamu katika karatasi mbili, mke wangu akazisoma kwa sauti kuhakikisha hakuna iliyokosewa, na akaandika pembeni tarehe na jina la kompyuta. Kazi yote haikuzidi dakika kumi. Mimi kwa kutoifanya kazi hiyo ya dakika kumi nilitembea nyumba kwa nyumba kwa miezi miwili.

Msomaji ambaye kompyuta yake ilikwishaandaliwa na fundi asivunjike moyo. Afungue mipangilio, aende sehemu ya akaunti, na aitazame baruapepe iliyoandikwa hapo. Ikiwa ni yake, na aendelee kuutafuta ufunguo kama tulivyofanya. Ikiwa ni ya mtu asiyemjua, basi anakili kazi zake zote kwenye diski ya nje leo hii, kabla ya swala ijayo kama anaweza, kisha katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya urejeshaji, aichague ile njia ya kuirudisha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani na kufuta kila kitu. Itaanza upya na kumuuliza maswali yale yale, na safari hii ajibu mwenyewe.

Wako wanaonunua zilizokwishatumika, zile zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai, na bei yake huvutia. Sizikatazi. Ila Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa zile zenye kichakataji cha Intel, tafuta cha kizazi cha 8 au zaidi. Kumbukumbu ya GB 4 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na watengenezaji, lakini anayetaka kufanya kazi bila kuvuta uradi kati ya ukurasa na ukurasa na atafute GB 8, na hifadhi ya aina ya SSD.

Turudi sebuleni kwa mama yule. Kompyuta mpya huanza mara moja kuvuta masasisho, na masasisho hayo ni mazito, yanaweza kufika GB kadhaa. Anayeunganisha kwa simu yake atashangaa kifurushi cha wiki kimekwisha kabla ya Magharibi, naye hajafungua hata ukurasa mmoja. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya mtandao, kugusa jina la mtandao unaoutumia, na kuiambia kompyuta kwamba muunganisho huo unapimwa. Ikijua hivyo hujizuia. Lakini usiyakimbie masasisho moja kwa moja, kwani ndiyo yanayoziba matundu wanayopitia wezi. Mara moja kwa mwezi tafuta mahali penye intaneti isiyopimwa, chuoni au kwa ndugu, uiache imalize.

Kuhusu virusi, fundi wengi hukuuzia programu ya kujikinga. Windows ina kinga yake ya bure inayoitwa Defender, nayo kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Hatari kubwa zaidi kwetu ni ile fleshi inayokwenda stesheneri kuchapisha kazi na kurudi. Fleshi hiyo imekutana na kompyuta ambayo imekutana na fleshi za mji mzima. Ikirudi, ichunguzwe kwanza: bonyeza alama yake kwa vidole viwili kwenye ubao wa kugusa, na katika orodha itakayotokea chagua kuichunguza kwa Defender. Au tuma kazi kwa baruapepe, fleshi ibaki nyumbani.

Binti aliuliza swali ambalo nililitarajia. Wenzake wamemwambia kwamba kuna kijana anayeweka Word na Excel kwa shilingi chache, kwa kuvunja kufuli lake. Je, inafaa? Baraza la Fiqhi la Kiislamu, ambalo liko chini ya OIC, lilikutana Kuwait mwaka 1988 katika kikao chake cha 5 na kupitisha kwamba haki za uandishi na ubunifu ni haki zinazolindwa na sharia, wenyewe wana mamlaka juu yake, na haifai kuzivamia. Wapo watakaojenga hoja ya dharura, kwamba bei ni kubwa na sisi ni wanyonge. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama pasingekuwa na njia nyingine, na njia ipo. Programu ya LibreOffice ni ya bure, halali, na hufungua na kuhifadhi faili za Word. Mwenye akaunti ya Microsoft anaweza pia kuitumia Word kupitia mtandao bila malipo, na baadhi ya vyuo huwapa wanafunzi wao toleo kamili. Ukiacha hukumu ya sharia, lipo pia jambo la akili ya kawaida: anayekuvunjia kufuli la programu huiomba kwanza kompyuta yako izime ulinzi wake. Unamfungulia mlango mtu ambaye umekwishajua kazi yake ni kuvunja kufuli.

Mambo ya vidole tuliyapita haraka, kwani vijana huyashika upesi kuliko sisi. Vidole viwili vikipanda na kushuka kwenye ubao wa kugusa husogeza ukurasa. Ctrl pamoja na Z hutengua ulilokosea. Ctrl pamoja na S huhifadhi, na hiyo nilimtaka aifanye iwe kama tasbihi, kila baada ya aya moja, kwani umeme wetu mnaufahamu na betri nayo ina siku zake. Tuliongeza pia kibodi ya Kiarabu katika mipangilio ya lugha, kwa kuwa anasomesha madrasa siku za likizo. Ufunguo wenye alama ya Windows ukibonyezwa pamoja na ule mrefu wa nafasi humtoa Kiswahili na kumtia Kiarabu, na kumrudisha. Niliona uso wake ulivyong’ara alipoandika Bismillah kwa mara ya kwanza bila kuinakili mahali. Nikiri kwamba nami nilikichelewesha kipengele hicho hadi mwisho kwa makusudi.

Nyumbani kwao wako wadogo zake watatu, na mama alitaka nao waitumie siku za likizo. Tuliwafungulia akaunti yao ya pembeni, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Katika mipangilio ya mtandao tuliandika anwani ya DNS ya 1.1.1.3, huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti chafu pamoja na zile zenye programu hasidi. Kizuizi hicho si ukuta wa Dhulqarnayn, mtoto mwerevu atapata tundu. Kwa hiyo tukakubaliana pia kwamba kompyuta itumike sebuleni, kioo kikitazama njia ya kupitia watu.

Jambo moja mke wangu ndiye aliyelieleza, wakiwa wao kwa wao, nami nalitaja kwa ufupi kwa ajili ya wasomaji wetu wa kike. Picha za harusini na za nyumbani, ambazo mtu amepigwa bila stara, zisikae katika kompyuta inayokwenda kwa fundi. Ziwekwe katika diski ya nje iliyo chini ya mkono wa mwenyewe. Na kamera iliyo juu ya kioo ifunikwe kwa kipande cha karatasi wakati haitumiki.

Tulimalizia na nakala, na hapa nilikuwa mkali kuliko binti alivyotarajia. Kila kazi iwe mahali patatu: ndani ya kompyuta, kwenye diski au fleshi ambayo haitoki nyumbani, na kwenye mtandao. OneDrive hutoa GB 5 bila malipo na Google hutoa GB 15. Kwa maandishi nafasi hiyo ni kubwa sana, kwa video ni ndogo, hivyo huko ziende kazi za masomo na hesabu tu. Siku ya kunakili tuliichagua Ijumaa asubuhi, kabla ya kukoga, kwa sababu siku hiyo haisahauliki. Msikitini nasi tunafanya vivyo hivyo sasa. Daftari la karatasi limerudi, na kila mwisho wa mwezi ukurasa wa mfuko wa qardh hasan huchapishwa, hutiwa saini na watu wawili na kufungiwa kabatini. Ufunguo wa tarakimu 48 uko kwa mweka hazina ndani ya bahasha, na mimi nina nakala.

Kwa wenye familia nasema vivyo hivyo kuhusu madeni na amana za watu. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza wasia uwe umeandikwa na usicheleweshwe. Wasia uliofungwa ndani ya kompyuta ambayo mke na watoto hawawezi kuifungua una kasoro ile ile niliyoiona mimi kando ya jeneza. Anayeweka humo hesabu za biashara yake, majina ya anaowadai na wanaomdai, na aache bahasha kwa mtu anayemwamini.

Magharibi ilipokaribia mama alituletea chai na vitumbua, kisha akazichukua zile karatasi mbili zenye tarakimu. Moja akampa binti akaihifadhi kwa kaka yake. Ya pili akaikunja mara nne, akafungua bati la zamani la biskuti lililokuwa juu ya kabati, akaiweka kati ya hati ya kiwanja na cheti chake cha ndoa.

“Hapa,” akasema, “hata mimi mwenyewe siigusi ila kwa sababu.”

InshaAllah katika toleo lijalo tutaeleza namna ya kupanga kitabu cha mapato na matumizi ya nyumba katika kompyuta hiyo hiyo, kwani wasomaji wawili wameuliza. Wabillahi tawfiq.